Majina ya Wanaolala Humo

"Nyaraka zote! Hata picha! Huyu mtu ana wazimu au hana kazi?" Fundi cherehani alizitupa karatasi za wakili juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Mwenye nyumba alikuwa amemshtaki ili amtoe. Sababu yake ilikuwa ya kutia machozi: mama yake mzazi ni mgonjwa, hana pa kukaa, naye kama mwana mwema anataka kumweka humo. Kabla kesi haijasikilizwa, wakili wake alimtaka fundi alete mkataba, stakabadhi, meseji, picha za kila chumba. Akificha kitu, kesi imemwangukia. Na akitolewa hapo, yeye na wanawe wawili hawana pa kwenda.

Mwana mwema, ati! Mtu ambaye tangu apangishe hajawahi kuvuka geti. Bomba likipasuka, anamtuma dalali. Paa likivuja, anamtuma dalali yuleyule alete pole.

"Masikini mama yake," fundi alisema, huku akitoa stakabadhi kwenye kopo la vifungo. "Pengine kweli anaumwa."

Bibi wa chumba cha nyuma alicheka mpaka akapaliwa.

Huyo bibi hakuwa ndugu. Alifika siku ya mvua na kifurushi chake, akimwulizia mtu ambaye hakai hapo. Fundi akampa chai, kisha godoro, na yakaishia hapo. Sasa ndiye anayewaangalia watoto, ndiye anayekata nyuzi kwenye nguo zilizokwisha kushonwa, na ulimi wake unakata kuliko mkasi.

"Soma ombi linalofuata," aliamuru.

Fundi alisoma, sauti ikamshuka. Majina ya wote wanaolala humo, pamoja na vitambulisho vyao. Na mkataba ulimkataza kuingiza mtu mwingine.

"Hili ndilo shimo alilonichimbia. Bibi, nitaliacha jina lako. Nani atajua?"

"Unifiche? Kwani mimi sufuria ya wizi?" Bibi alifyonza. "Ameomba majina, mpe majina. Kitambulisho changu nitakipeleka mwenyewe."

"Watanitoa, bibi!"

"Ukificha moja, hata ya kweli yataitwa uongo. Andika, mwanangu."

Fundi aliandika.

Ofisini kwa wakili, mwenye nyumba alikuwa ameketi na miwani ya jua juu ya paji la uso, ananukia manukato ya kumpa mtu mafua. Alizisukuma stakabadhi kwa ukucha bila kuzisoma. Kusoma ni kazi ya watu wa mshahara.

"Mkataba unasema watu watatu," wakili alisema. "Hapa kuna wanne."

Mwenye nyumba alipiga meza kwa furaha. "Nimemkamata! Kageuza nyumba yangu gesti! Mama yangu anateseka, yeye anakaribisha wapita njia!"

Fundi alitamani angekuwa amelifuta jina lile.

"Kitambulisho cha huyu wa nne kiko wapi?" wakili aliuliza.

"Anacho mwenyewe. Yuko hapo nje kwenye benchi."

"Aingie!" mwenye nyumba alisema. "Aingie huyo mzururaji, tumwone!"

Bibi aliingia polepole, amevaa gauni aliloshonewa na fundi. Alikiweka kitambulisho mezani, akavuta kiti karibu kabisa na mwenye nyumba, akaketi. Kicheko kilikuwa kimemkauka yule bwana mdomoni. Bibi alinyoosha mkono, akamtengeneza kola iliyopinda.

"Samahani, bibi," wakili alisema. "Wewe unahusikaje na kesi hii?"

"Mimi ndiye mgonjwa anayetafutiwa nyumba."