Ifute Tu

Rweyemamu alikuwa ameketi kitandani kwake Lidcombe, kamera ndogo ya kidijitali mkononi, na kioo chake kikirudia maneno yale yale: kadi haisomeki.

Ndani ya kadi hiyo mlikuwa na picha pekee za mazishi ya baba yake. Rweyemamu mwenyewe hakuruhusiwa kusafiri kwa sababu ya viza. Mdogo wake alizipiga huko Bukoba, akampa msafiri kamera nzima aje nayo Sydney.

Akampigia simu mdogo wake, akamsomea maneno ya kwenye kioo.

"Kaka, ifute tu, picha zitakuja zenyewe. Ila sikiliza, usije uka..."

"Leo wewe ndiye wa kunifundisha kamera? Nimeelewa." Akakata.

Kamera ikamuuliza kwa Kiingereza kama anataka kufomati kadi. Alijua kufomati ni kufuta, na kufuta ndiko alikoambiwa. Kidole gumba kilitua juu ya kitufe, kikateleza kwa jasho, akakipangusa kwenye suruali. Kisha akabonyeza. Treni ya Auburn ikapita, dirisha likatetemeka.

Kioo kikaandika: hakuna picha.

Akakaa kuzisubiri zije.

Simu ikaingiza ujumbe. "Kaka, umekata kabla sijamaliza. Usifute kwa maji. Itoe kadi, isugue kwa shati kavu pale penye rangi ya dhahabu, uirudishe. Ni vumbi tu la makaburini."

Kabla hajamaliza kuusoma, ukaingia wa pili.

"Mama yuko hapa pembeni. Anauliza kama umeona baba alivyopendeza."