Kibuyu Kilichooshwa

Kila nyumba iliruhusiwa kuwasha moto asubuhi moja tu kwa mwaka, na bibi Tapsubei, Kogo kwa Kinandi, moto wake aliutenga kwa ajili ya kibuyu. Chai na ugali vilipikwa kwa umeme wa jua, lakini mursik, maziwa lala ya Wanandi, hayawi mursik mpaka kibuyu kisuguliwe makaa ndani.

Alisugua taratibu mpaka kikawa cheusi tititi. Saa sita akazima moto, akaenda kujinyoosha kidogo.

Alipoamka, mjukuu wake Jelimo, binti wa miaka kumi na tisa aliyekulia mjini bila kujua moshi na kuhamia kwake mwaka huo, alikuwa akijifuta mikono, uso umejaa fahari.

"Kogo, kilikuwa kichafu ajabu. Nimekiosha kwa sabuni mara tatu."

Kogo akachungulia ndani. Kimetakata, na moto wa mwaka umeshazimwa.

"Shuleni mlifundishwa masizi ni uchafu?"

"Ni sumu, walisema."

"Hawakukosea." Bibi akacheka mpaka akakaa chini. Sheria ile ya moto hakuwa na ugomvi nayo; ilikuwa imerudisha misitu. Mto uliokauka enzi za usichana wake sasa ulinguruma bondeni mwaka mzima. Ila ujuzi wa kibuyu ulibaki mikononi mwake peke yake, na mikono yenyewe ilikuwa na miaka themanini na minne.

Akaenda nyuma ya nyumba, akakata tawi la senetwet, mti unaotoa makaa ya kibuyu, akampa Jelimo.

"Likauke vizuri. Mwakani utasugua wewe."

"Niliweke chumbani kwako, Kogo?"

"La, mama. Liweke chumbani kwako."