Bakuli la Kunawia

Katika mji ule watu waliona joto kwa macho, kama sisi tunavyoona rangi. Kwa hiyo mama yake Zuwena alipoingia jikoni hakuuliza kitu. Vidole vitano vilikuwa vinawaka shavuni mwa binti yake, vyekundu kama makaa. Sebuleni, mkwewe Hemedi, mume wa Zuwena, alikuwa amekaa mkekani akisubiri wageni wa chakula cha mchana, na kiganja chake cha kulia kilikuwa kinawaka vilevile.

"Mama, leo naondoka na wewe," Zuwena alinong'ona.

"Hodi!" Wageni walikuwa wamefika.

Mama alichovya kitambaa mtungini, akakibandika kwenye lile shavu. "Gandamiza sana hapo kwenye alama ya gumba. Ndipo panapochelewa kupoa."

"Umejuaje?"

Mama alichukua birika na bakuli, akaenda kumwinamia mkwewe, akamnawisha kwa adabu zote, mkono wa kulia peke yake, mpaka ukafifia.

"Karibuni ndani!" Hemedi aliita.

Wageni wakavua viatu, wakakaa, wakanyoosha mikono mmoja mmoja juu ya bakuli lile lile. Maji yake yalikuwa bado yanawaka. Hakuna aliyeyatazama.