Ncha ya Pili ya Uzi

Mama Namelok alizisikia tetesi kwanza bombani, akapuuza. Kwenye mazoezi ya kwaya akazisikia tena, na safari hii zikamganda kichwani: eti vitambaa vya Frederick si kazi ya mikono yake.

Na Jumamosi Frederick huyohuyo analeta mahari Terrat, amchukue Namelok.

"Nimekifuma mwenyewe, mama, peke yangu," alisema siku alipomletea kitambaa cha zawadi, chekundu, chenye pembetatu za bluu. Kucha safi kama za bibi harusi. Raba nyeupe. Mfumaji gani huyo!

Ni cha kiwandani tu, aliwaza Mama Namelok. Usichanani alifanya kazi kiwanda cha nguo. Hadanganywi na mvaa raba. Akachomoa uzi, akauwashia kiberiti. Haukuyeyuka kama nailoni. Ulinuka karatasi, ukabaki jivu: pamba. Akakigeuza. Nyuma pembetatu zilikuwa safi kama mbele, na ukingo umepinda kidogo pale mkono ulipochoka. Kazi ya mtu kweli, ila si wa kucha zile. Hapo ndipo alipozidi kuudhika.

Frederick alipopita kusalimia, akamvaa. "Kutandaza nyuzi ndefu hivi kwenye mtambo wa kufumia ni kazi ya watu wawili. Nani anakushikia ncha ya pili?"

"Naifunga kwenye mti, mama."

"Mti! Mti nao unajua kulegeza? Basi kesho nipeleke nikauone huo mti."

"Nkoaranga ni mbali, mama, na njia ina matope. Usijisumbue."

Alijisumbua. Alipanda mlima peke yake, akiuliza njia, hadi kwenye kibanda katikati ya migomba. Nje mashati ya Frederick yalikuwa yameanikwa. Ndani, mwanamke aitwaye Silantoi alikuwa kwenye mtambo, vidole vya bluu hadi ndani ya kucha. Mkono mmoja unapitisha uzi, mwingine unaukaza, miguu peku inapokezana chini. Nyuzi alizihesabu kwa midomo bila sauti. Mama Namelok alisimama pale mpaka miguu ikamuuma, na kitambaa kilikuwa kimeongezeka upana wa kiganja tu.

"Shikamoo, mama. Umetumwa na Frederick?"

"Marahaba. Kumbe mikono yake ni wewe! Na mashati unamfulia! Anakulipa kweli, mvivu yule?"

Silantoi akacheka. "Usimseme, mama. Ncha ya pili ananishikia yeye. Ila Jumamosi nitakwama, hatakuwepo." Akamweleza kwa nini.

Mama Namelok hakungoja chai.

Terrat alimkuta Namelok anasukwa nywele za Jumamosi, wenzake wamemzunguka, vicheko tele.

"Msusi, fumua," alisema. "Na nyie wasichana, sikilizeni vitu vya kuepuka:

Kitambaa ambacho uzi wake unayeyuka motoni.

Rangi inayotoka ukiifikicha kwa mate.

Fundi mwenye kucha safi.

Fundi asiyetaka uuone mtambo wake.

Na mwanaume aliyemuaga mke wake kwamba Jumamosi hii anakwenda msibani Terrat."