Kompyuta ya Shaweji

"Mama, gemu yetu inakataa kuniingiza," Tamimu, rafiki wa Shaweji, alisema kwenye simu. "Si unajua inakaa kwenye kompyuta ya marehemu? Itakuwa imekwama kupokea watu. Izime, kisha uiwashe."

Mama Shaweji akasogeza kiti. Siku tisa tangu wamzike mwanawe, hakuna aliyeigusa kompyuta ile, na kwa bahati umeme haukukatika hata mara moja. Kwenye skrini kijitu kilisimama mlangoni pa nyumba ya matofali, jina la Shaweji juu ya kichwa, mabega yakipanda na kushuka kama mtu anayepumua.

"Nikizima, huyu atabaki hapa mlangoni?"

"Nyumba itabaki, Mama. Yeye haonekani mpaka aandike neno lake la siri."

"Unalijua?"

"Hakuniambia."

"Na ulitaka kuingia ufanye nini, mwanangu?"

"Nisimame naye tu."

Mama aliondoa mkono kwenye swichi. Akawasha kamera ya simu, akaielekeza kwenye skrini.

"Unamwona?"

"Namwona."

Wakamtazama, hakuna aliyekata simu. Kisha skrini ikawa nyeusi, na juu ya kichwa cha mama, feni ikaanza kupunguza mwendo.