Jina Lisishuke

Kila jioni kabla ya somo la kompyuta, Mama Perpetua alibofya alama ya bluu chini ya skrini, orodha ya mafaili ya karibuni ikatokea, akafungua faili lililoitwa "Sala ya Anselmi". Marehemu mumewe, Anselmi, alilichapa hapohapo darasani, wiki moja kabla ya kufariki. Hakuthubutu kulisoma. Alilifunga papo hapo.

"Mama, mbona unafungua na kufunga tu?" mwalimu Selina aliuliza.

"Wenzangu wakifungua mafaili yao kwenye kompyuta hii, jina lake linashuka. Juzi nililikuta la mwisho kabisa. Nikikosa siku moja, litatoka kwenye orodha."

Selina akavuta kiti. "Faili lenyewe halipotei, mama. Na jina ukilibandika kwa hii alama ya pini iliyo kando yake, halitashuka tena, hata usiliguse mwaka mzima."

Perpetua akabonyeza. Jina likapanda juu ya mengine yote, likatulia.

"Haya, sasa pumzika."

"Umeninyang'anya kazi, mwalimu," Perpetua alisema, akitabasamu kidogo.

Alifanya ishara ya msalaba, akalifungua faili, na safari hii hakulifunga. Midomo yake ikaanza kucheza, taratibu, bila sauti.