Hatua Mbili

Bi Mishi aliinua bastola ndogo, akaishusha, akainua kubwa, kisha akairudia ndogo. Kombo, mwenye duka la silaha, alilitarajia hilo. Wateja wapya hudhani udogo ni upole.

"Hiyo itakurusha mkono, mama. Ni nyepesi mno kwa risasi ya milimita tisa. Kubwa ina uzito, hutulia. Ipo pia ya risasi nyembamba, haina kishindo, lakini usiitegemee mtu akikujia mbio."

"Hatakuja mbio."

Wakatoka uani kujaribu, kwenye ukuta wa mifuko ya mchanga. Kombo alitundika karatasi yenye mchoro wa mtu, akahesabu hatua kumi kama kawaida yake.

"Mbali," alisema Bi Mishi.

Akahesabu tano.

"Bado mbali."

"Mama, mwizi hakufikii karibu hivyo."

"Nani kasema mwizi?"

Bi Mishi mwenyewe alisogea hadi zikabaki hatua mbili, kama upana wa kitanda. Karatasi ilikuwa imekunjika kwenye bega la yule mtu. Akaikaribia, akainyoosha kwa kiganja taratibu, kama mke anavyomwekea mumewe kola vizuri asubuhi kabla hajatoka kwenda kazini. Kisha akarudi mahali pake, akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo inayotulia."

Kombo akampa. Ilikuwa tupu. Risasi zilikuwa mfukoni mwa Kombo, na mkono wake ulikuwa umo humo, umezifumbata.